Gari ikikugeuka ukiwa barabarani: angalia haya kabla hujanunua spea

Wenye magari wakikutana stendi, iwe Kampala iwe Arua hapa Uganda, malalamiko ni yale yale: breki zilinikimbia, gari ilichemka, ilizima katikati ya barabara, usukani ukawa mzito ghafla. Na karibu kila mmoja anamalizia hivi hivi, fundi alibadilisha hiki akabadilisha na kile, pesa imeenda na shida iko pale pale. Mimi ni dereva wa special hire, yaani teksi ya kukodi, cheti cha ufundi sina, lakini haya magari ya Japani yaliyotumika yameshanilaza barabarani mara nyingi mpaka nimeanza kuyaelewa. Kinachoniudhi ni hii tabia ya kukimbilia dukani kabla hujafungua hata boneti.

Nimepanga kwa dalili sio kwa kifaa, maana ukiwa barabarani kifaa hukioni. Kila dalili nimeanza na sababu ya kawaida na ya bei rahisi, zile za nadra ziko mwisho. Pale nilipoandika SIMAMA ni kusimama kweli, sio "ngoja nifike kwanza".

Unakanyaga breki, pedali inaenda mpaka chini

Naanza na hii maana ndiyo inaua. Ilinipata mteremko wa Kanaba, ule wa kushuka kwenda Kisoro, nina abiria wanne na masufuria ya harusi kwenye buti. Nilikuwa nimeikalia breki toka juu bila kuiachia, gia iko D kama vile niko Kampala Road, nikasikia harufu kama klachi inaungua nikadhani ni lori la mbele. Kona mbili baadaye nakanyaga, pedali laini kama nakanyaga matoke. Mama mmoja kiti cha nyuma akaanza kusali kwa Kifumbira. Nikashusha gia mpaka L, ile ya chini kabisa, injini ikapiga kelele lakini mwendo ukaanza kukatika, nikapampu pedali haraka haraka, handbreki nikaivuta kidogo kidogo kidole kikiwa juu ya kitufe ili isifunge magurudumu ghafla, alafu nikaingiza tairi za kushoto kwenye mtaro wa upande wa mlima. Injini sikuzima, ukizima unapoteza na msaada wa usukani.

Tulikaa pale kama dakika arobaini. Nikajaribu pedali tena: iko juu, ngumu, kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo unajua ni oil ya breki ilichemka, maana kifaa kilichovunjika hakiponi kwa kupumzika.

Oil ya breki inavuta unyevu wa hewani siku baada ya siku. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishakunywa maji inashuka mpaka kama 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka wakati oil haibonyezeki, mguu unazama. Gereji moja ilikuwa imeniambia imebadilisha hiyo oil miezi michache nyuma, kumbe waliongezea tu juu, tulipoitoa ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi. Sasa hivi nabadilisha yote kila miaka miwili na nasimama pale pale kuangalia ile inayotoka kwenye skrubu za kutolea hewa kule magurudumuni, ile inayomiminwa juu hainiambii kitu.

Kama hukuwa kwenye mteremko, pedali imezama tu kwenye barabara ya kawaida, anza na kikopo cha oil ya breki. Ikiwa chini ya MIN mara nyingi pedi zimeisha, pistoni zimesogea nje na oil imezifuata. Kama pedi bado nene basi kuna mahali panavuja: inama uangalie upande wa ndani wa kila gurudumu, alafu pitisha mkono kwenye kapeti chini ya pedali, ukigusa kitu chenye utelezi umeipata. Ukikuta inavuja SIMAMA, ita gari la kukokota, hata kama umebakiza kilomita mbili ufike nyumbani.

Kikopo kimejaa lakini ukisimama kwenye taa na mguu juu ya pedali inashuka taratibu kama lifti? Hiyo ni masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, mpira wa ndani umechoka, oil inapita ndani kwa ndani bila kudondoka hata tone. Watu wengi wanabadilisha pedi na diski hapa bure kabisa. Pedali ni ya kuyumba yumba na ukipampu mara tatu inapanda, hiyo ni hewa, na karibu kila mara hewa inakuja baada ya mtu kufungua mfumo, kwa hiyo mrudie aliyefungua.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari haisimami, huo ni ugonjwa mwingine, ni busta, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki. Zima injini, kanyaga pedali mara nne tano mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo, alafu washa. Inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama angalia kwanza lile paipu la mpira linalotoka kwenye injini kwenda busta, likipasuka utasikia mluzi, na ni bei ndogo sana ukilinganisha na busta nzima.

Mambo mawili nayaona kila siku. La kwanza, mtu anajaza oil ya injini au ya usukani kwenye kikopo cha breki kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Hiyo inavimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo utabadilisha kila kitu. Maji ya chupa vile vile hapana. La pili, kuteremka na free, yaani gia iko N, eti unaokoa mafuta. Injini za injekta zinakata mafuta zenyewe ukiachia mguu gari ikiwa kwenye gia, kwa hiyo free haikuokolei kitu na umeacha breki peke yake ishikilie tani moja na nusu.

Gari ikivuta upande mmoja ukifunga breki, kaliper ya upande mmoja imekwama, mara nyingi ni pini zake zimekauka grisi. Ukishafika, dondoshea kila rimu matone ya maji, ile inayolia chwiii kuliko wenzake ndiyo yenye kesi. Usukani ukitetemeka ukifunga breki ni diski za mbele, ukitetemeka kiti zaidi angalia nyuma. Kelele ya chuma kwa chuma, hapo pedi zimeisha siku nyingi, unakula diski sasa.

Mshale wa joto unapanda

Kwanza, magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale kabisa, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu ikiwaka tayari umechelewa kidogo. Zoea kuangalia.

Kabla ya yote jiulize inapanda wapi. Inachemka kwenye jam ya Jinja Road ukiwa umesimama, alafu ukipata mwendo inashuka? Hiyo ni feni. Washa AC uone kama feni inazunguka, isipozunguka anza na fyuzi, alafu relei, alafu plagi ya waya, mota ya feni yenyewe iweke ya mwisho. Ikiwa jamu haina shida ila ukipanda mlima au ukikimbia ndiyo inapanda, maji hayazunguki vizuri: ni rejeta imeziba, au thamostati (ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto) imekwama, au wota pampu.

Lakini kuliko yote haya, sababu namba moja ni maji yamepungua kwa sababu yanavuja. Hozi zimechoka, au lile tanki la plastiki juu ya rejeta limepata ufa mwembamba ambao hauvuji mpaka injini ipate moto. Asubuhi injini ikiwa baridi fungua uangalie kiwango, alafu angalia alama za chumvi chumvi nyeupe au kijani kwenye viungo vya hozi, pale palivuja pakakauka.

Kifuniko cha rejeta ndicho watu wanakidharau sana na sisi huku hatuna ruhusa ya kukidharau. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kampala iko juu kama mita 1,200, maji ya sufuria yanachemka kama nyuzi 96, na Kabale ambako ni kama mita 2,000 yanachemka kama 93. Injini yenyewe inafanya kazi karibu na hapo hapo. Kinachozuia yasichemke ni presha ambayo kile kifuniko kinashikilia, kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na spring yake ikilegea injini inaanza kutapika maji kwenye kila mlima wakati rejeta ni nzima na pampu ni nzima. Badilisha kifuniko kwanza, na ununue chenye namba ile ile.

Kuna mafundi wanatoa thamostati na kuitupa, wanakwambia nchi hii ni ya joto haihitajiki. Injini nyingi thamostati ndiyo inafunga ile njia ya mkato, ukiitoa sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mwishowe gari inachemka zaidi kwenye mlima. Kwingine inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta. Ukinunua gari na ikachukua nusu saa kupata joto, uliza kama imeshatolewa.

Na kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, pia sio kwa ajili ya barafu peke yake. Maji ya bomba au ya kisima yanaacha magamba ndani, magamba yanaziba rejeta, alafu tunasema rejeta za siku hizi ni mbovu.

Ikikuchemkia barabarani fanya hivi: zima AC, washa hita mpaka mwisho kwenye moto na fungua madirisha, utaungua miguu lakini inatoa joto kwenye injini. Tafuta pa kupaki. Ikitoa mvuke SIMAMA pale pale uzime. Mshale ukirudi chini ghafla wakati mvuke bado unatoka usifurahi, maji yameisha na ile sensa sasa inapima hewa.

Alafu usiguse kifuniko. Njia ya Mabira niliona kijana mmoja ana kitambaa mkononi anakizungusha na wenzake wanampa moyo, yale maji yalirudi juu mpaka kwenye boneti, akatoka na mkono wote mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Subiri nusu saa au zaidi, bana hozi ya juu kwa kitambaa, ikiwa bado imevimba na ni ngumu bado kuna presha. Na wale jamaa wa jerikeni wanaokuja mbio kumwagia injini maji baridi wanataka kukusaidia kweli, ila waambie ahsante ssebo, hapana. Chuma cha moto kikipigwa maji baridi silinda hedi inapinda au inapasuka.

Lini umwachie fundi mwenye vifaa? Ukiona povu linatoka kwenye rejeta injini ikiwaka, au chini ya kifuniko cha oil kuna kitu kama maziwa ya chai, au moshi mweupe mzito ambao hauishi hata gari ikishapata moto, au asubuhi hozi ni ngumu kabla hujawasha. Hiyo ni gasketi ya hedi. Kuongeza maji kila kilomita kumi na kuendelea mpaka Mbarara ndiyo njia ya kubadilisha gasketi iwe injini nzima.

Gari inazima ukiwa kwenye mwendo

Kwanza mwili wako. Injini ikizima usukani unakuwa mzito lakini unageuka, na breki bado ina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Taa za hatari, weka N, jaribu kuwasha ukiwa bado unatembea. Ufunguo usiutoe, ukiutoa usukani unajifunga.

Sababu ninayokutana nayo kuliko zote haipo kwenye vitabu vya Japani: ni waya za alamu na traka. Mtu alikuja akakata waya wa pampu ya mafuta au wa swichi, akaunganisha na ile relei ya kuzima gari kwa mbali, akafunga na selotepu. Mwaka mmoja wa mashimo na vumbi, ile joinsi inalegea na gari inazima kwa sekunde moja kwenye kila shimo au inazima kabisa. Gari yako ikizima ukipita shimo, au ukitikisa ufunguo, anza chini ya dashibodi. Hata funguo lenye mzigo wa funguo ishirini na kopo la kufungulia soda linaweza kuzungusha swichi iliyolegea, na hiyo sio hadithi ya stendi, kampuni ya magari ya GM ya Marekani iliita mamilioni ya magari yake yarudi kurekebishwa mwaka 2014 kwa sababu swichi zilikuwa zinarudi nyuma zenyewe na kuzima injini, na zikizima hivyo airbag nazo hazifunguki.

Baada ya hapo, vichwa vya betri. Vishike kwa mkono uvizungushe, vikizunguka umepata. Kama taa ya betri iliwaka kwanza, alafu taa za mbele zikafifia, alafu ndiyo ikazima, ni alteneta, ile inayochaji betri, au belti yake. Usinunue betri mpya, italala kesho yake.

Ikipoteza nguvu taratibu kama inakabwa shingo, hasa ukipanda, ni mafuta: filta chafu au pampu inachoka. Pampu iko ndani ya tanki na mafuta ndiyo yanaipoza, sasa sisi wa mafuta ya elfu kumi kumi tunaotembea na taa ya njano mwaka mzima tunaiua wenyewe. Ikizima ikishapata moto alafu ikikaa nusu saa inawaka kama kawaida, mwambie fundi aangalie sensa ya krenki. Ikizima ukiachia mguu tu kwenye jam, throtoli bodi ina masizi, ni kazi ya kusafisha tu. Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima huku gari inatetemeka, koili au plagi ya cheche imekufa, punguza mwendo, mafuta mabichi yanaingia kwenye egzosi na kuichoma katalisti.

Ikikuzimikia kati ya Karuma na Pakwach usitoke tu ukaanza kutafuta netiweki kichakani. Ile barabara inapakana na hifadhi ya Murchison Falls, tembo wanavuka pale na nyani wanajua kufungua milango. Weka alama nyuma, rudi ndani, piga simu ukiwa ndani. Na kuhusu alama, matawi ya miti usiku hayaonekani, nunua zile pembetatu mbili na ziweke mbali, hatua hamsini au zaidi, sio chini ya bampa.

Usukani umelegea, mzito, au kuna kitu kinagonga

Kugonga kwenye mashimo kwa gari zetu, tisa kwa kumi... sijui hesabu, lakini kila mara naanza na stebilaiza linki, kale kachuma kembamba. Kanapiga kelele sana na hakana hatari kubwa. Kuna fundi atakuuzia shoki nne kwa sababu ya kelele ya hako kachuma. Baada ya hapo bushi za mkono, alafu kichwa cha shoki.

Ila kuna kugonga kumoja sio kwa kuvumilia, kwa boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu lisitoke. Ikitoka, gurudumu linajikunja chini ya gari na hakuna usukani tena. Umeshaziona hizo gari zimepiga magoti katikati ya barabara tairi limelala ubavu, wengi wanasema ni shimo, kumbe shimo limemalizia tu. Kupima: piga jeki, weka stendi au hata gogo nene chini ya gari (jeki peke yake hapana, kamwe), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia ulitikise, likicheza ni tairodi, ule mkono wa usukani unaogeuza gurudumu. Likicheza kwa namna yoyote SIMAMA, usiendeshe kwenda kununua spea, panda boda. Na ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kununua beba ile ya zamani mkononi, za modeli moja zinatofautiana kwa mwaka, na mpya ya boksi na ile iliyotolewa kwenye gari iliyochinjwa hazidumu sawa hata zikifanana.

Mlio wa tak tak tak ukikata kona kali, sivi jointi, kiungo cha ekseli kwenye gurudumu, angalia kama lile buti la mpira limepasuka na grisi imerukia rimu. Mngurumo unaokua na mwendo, kama ndege inayopaa, ni beringi ya gurudumu au tairi lililokula vibaya. Yumbisha gari taratibu kushoto na kulia mahali palipo wazi: ukipinda kushoto kelele ikizidi, beringi ya kulia ndiyo imebeba mzigo, angalia hiyo kwanza.

Usukani mzito ghafla: kama una pampu ya oil angalia kikopo na belti. Kama ni wa umeme utaona taa ya EPS, na mara nyingi ni volti imeshuka, rudi kule kwenye betri na alteneta.

Tairi na nati

Ukibadilisha tairi na baada ya kilomita ishirini ukasikia duk, duk, duk inayoongezeka na mwendo, SIMAMA sasa hivi. Hizo ni nati. Kaza kwa mfumo wa nyota, moja na ya mkabala wake, gari ikiwa chini, na urudie kukaza baada ya kama kilomita 50 mpaka 100. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya 103 Nm, ambayo sio kusimama juu ya spana na miguu miwili, ukizidisha unavuta boliti mpaka inakatika.

Tairi la mtumba liangalie namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na neno DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na mpira umekufa. Likiwa na uvimbe ubavuni waya za ndani zimekatika, halitengenezwi, toa. Likipasuka ukiwa kwenye mwendo usikanyage breki, shika usukani wima kwa mikono miwili, achia mafuta, iache ipunguze yenyewe.

Mafuta yamekwama, gari inakimbia yenyewe

Karibu kila mara ni kapeti. Kapeti ya kununua njiani haina ndoano, inateleza mbele inakalia pedali, na watu wanaweka mbili juu ya nyingine kwa ajili ya matope. Toyota Marekani iliita mamilioni ya magari kuanzia 2009, sehemu kubwa kwa ajili ya kapeti, na baadaye kwa ajili ya pedali zinazokwama. Ikikutokea: weka N, injini ipige kelele inavyotaka, kanyaga breki mara moja kwa nguvu zote bila kupampu, ikishasimama ndiyo uzime. Usiiname kuvuta kapeti ukiwa unatembea. Kama kapeti iko sawa, waya wa mafuta umekauka au throtoli imekwama, hiyo ya fundi.

Harufu ya kuungua

Harufu ya mpira ni belti au kaliper iliyokwama. Harufu ya plastiki ni waya, na hapo swali la kwanza ni nani aliweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au akaweka kipande cha waya pale. Harufu ya petroli ndani ya gari: zima, toa watu wote, usiwashe tena hata kujaribu. Moshi ukitoka kwenye boneti usiifungue kwa upana, unaipa hewa, ifungue kidogo tu kwa ufa upulizie kizimamoto cha poda. Kama huna kizimamoto, ondokeni na mkae mbali.

Taa ya airbag haizimi

Mara nyingi ni plagi chini ya kiti cha mbele imelegezwa na mtu aliyekuwa anasukuma mzigo. Lakini kuna jambo jingine ambalo halina taa kabisa. Airbag za Takata, zile zinazoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni, ziliwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi, na Japani ndiko yetu yanakotoka. Marekani mwenye gari analalamika kwa NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, malalamiko yakifanana wanachunguza, gari inaitwa, anapata barua. Barua ya gari yako ilienda kwa mwenye gari wa kwanza kule Japani, wewe hakuna atakayekuandikia.

Kwa hiyo chukua namba ya chesisi kwenye logibuku, ile yenye herufi, kistari na tarakimu, uiingize kwenye ukurasa wa kuangalia magari yaliyoitwa wa kampuni iliyotengeneza gari yako, kurasa zenyewe ni za Kijapani lakini simu inatafsiri. Ukiikuta imo na kazi haijafanyika, nenda kwa wakala wa hiyo kampuni na hiyo logibuku mkononi. Mpaka hapo kiti cha abiria cha mbele kiache wazi, sogeza kiti chako nyuma kadiri miguu inavyofika, na usikubali mtu aifungue hiyo airbag na bisibisi chini ya mwembe, mle ndani kuna kilipuzi.